Kalamu Katika Majlisi

Vitabu vingi ambavyo wanadamu wamevikimbilia walipotaka kujua kwa nini wanaishi havikuandikwa na wale ambao maneno yao yamo ndani yake. Socrates hakuacha hata ukurasa mmoja. Mashekhe wengi wa njia za kisufi walifundisha kwa ulimi wakafa bila ya kutunga kitabu. Na katika zama hizi zetu, mtu akikaa saa kadhaa mbele ya chombo cha kunasa sauti, akaulizwa juu ya ngano, mashairi, mahaba na ibada, maneno yake huchapwa, hununuliwa, na husomwa na watu ambao hawakumwona wala hawakuisikia sauti yake ikipanda na kushuka. Kwa hiyo swali ninalotaka kulichungua hapa si geni, wala si la watu wa vyuoni peke yao: maana ambayo mtu ameipata akiwa amekaa na mwenziwe goti kwa goti, je, yahamia kwenye karatasi, au kinachohamia ni maneno tu, na maana yenyewe ikabaki barazani pale pale ilipozaliwa?

Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa visa kuliko kwa hoja tupu, ni kwamba maana haikai katika jibu. Hukaa katika hali ya yule aliyeuliza na ya yule aliyesikiliza, na mazungumzo yaliyoandikwa hutufaa kwa kadiri ile ile ambayo mwandishi wake ametuhifadhia hali hiyo pamoja na maneno.

Kisa cha kwanza kilitokea katika nchi zetu na, kwa sehemu, katika lugha yetu. Mnamo Novemba 1925 alishuka Mombasa Carl Gustav Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, mtu wa miaka 50 aliyekwisha kupata jina Ulaya kwa itikadi yake kwamba chini ya kumbukumbu za mtu mmoja mmoja ziko sura za asili, ambazo wahakiki wa fasihi yetu huziita vikale, walizozirithi wanadamu wote: mama mkuu, mzee mwenye hekima, shujaa, kivuli, mtoto wa ajabu; na kwamba ndoto, hikaya na ibada za mataifa mbalimbali ni mavazi tu ambayo sura hizo huyabadilisha kutoka pwani moja hadi nyingine. Alfajiri, treni ilipokuwa ikipanda kwenda Nairobi, aliinua macho akamwona juu ya jabali mtu mweusi amesimama kimya, ameegemea mkuki mrefu, na papo hapo akashikwa na hisia kwamba amekwisha kumwona mtu yule, kwamba ulimwengu ule ulioko nje ya dirisha aliujua tangu maelfu ya miaka na alikuwa ametenganishwa nao na umbali wa wakati tu.

Habari hiyo imewafurahisha wasomaji wengi, na ni haki yao kufurahi, kwa kuwa imesimuliwa vizuri. Lakini msomaji aliyelelewa katika miji yetu, ambako mtu hapitwi bila ya salamu, hana budi kujiuliza habari za yule mwingine, yule wa jabalini, ambaye hakuulizwa jina, wala ng'ombe wake, wala kama mvua ilikuwa imechelewa mwaka ule. Treni ikapita, na yeye akaingia katika kitabu cha watu akiwa mfano wa mwanadamu wa kale, ilhali nyumbani kwake, bila shaka, alikuwa mwana wa fulani na mume wa fulani. Sura ya asili ina nuru yake, sikatai. Humwezesha mtu wa mbali kumtambua ndugu mahali alipotazamia kumkuta mgeni. Ila ina na hila yake, nayo ni kwamba humtambua mtu kabla ya kumsalimu.

Siku chache baadaye, katika mbuga za Athi, Jung alijitenga na wenziwe mpaka asiwaone, akasimama peke yake akitazama makundi ya wanyama yakienda taratibu kama yalivyokwenda kabla ya kuwapo jicho la kuyaona. Na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, akaipata hikaya ya maisha yake, yaani kwamba mwanadamu, kwa kuwa anajua na anajua kuwa anajua, huukamilisha ulimwengu, na bila ya ujuzi huo viumbe vingezaliwa na kufa katika usiku usio na shahidi. Ni fikra kubwa, na mtu anaweza kuishi nayo. Lakini tazama ilivyompata: akiwa peke yake, hana mtu wa kumpinga, na hata wanyama walikuwa mbali. Hayo hayakuwa mazungumzo.

Mazungumzo yalikuja mlimani Elgon, ambako alikaa kwa majuma kadhaa kati ya watu ambao Wazungu wa siku zile waliwaita Elgonyi, nasi leo tunawajua miongoni mwa Wasabaot. Wazee walikusanyika kwa shauri, wakaketi duara juu ya vigoda, na lugha iliyotumika ilikuwa Kiswahili, ambacho Jung alikuwa amejikusanyia kidogo kwa kuisumbua kamusi. Kiswahili kile hakikuwa lugha ya mama wa yeyote aliyekuwa katika duara lile. Kilikuwa daraja lililojengwa na wengine kwa shughuli nyingine, nao wakakutana katikati yake, kila mmoja akitazama chini asije akatumbukia. Mgeni alitaka ndoto. Alitoa sigara, viberiti na pini za kufungia nguo ili azipate, wala hakupata. Watu wale waliokuwa tayari kuzungumza naye juu ya mengi hawakuwa tayari kumsimulia waliyoyaona usingizini.

Mwishowe mganga wao mkuu, laiboni mzee, alimweleza sababu, na jambo hili lastahili kufanyiwa mlango wake peke yake. Zamani, alisema yule mzee huku machozi yakimlengalenga, malaiboni walikuwa wakiota ndoto, na kwa ndoto hizo walijua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itakuja na wapi mifugo ipelekwe. Lakini tangu waje weupe hakuna tena aotaye, kwa sababu Waingereza wanajua kila kitu, na ndoto hazihitajiki. Jung alilielewa neno hilo kuwa ushahidi wa jinsi nguvu ya utawala ilivyochukua mahali pa sauti ya Mungu iliyokuwa ikisema na mganga. Mimi naongeza hili tu: mzee yule, kwa maneno machache aliyomwambia mtu aliyetoka katika kabila lile lile la watawala, alikuwa ameieleza vizuri kuliko profesa yeyote namna maana inavyokufa. Ndoto ya laiboni haikuwa mali ya laiboni. Ilikuwa na kazi mjini, kulikuwa na watu walioamka asubuhi wakingoja kuambiwa, na mifugo iliyohamishwa kwa ajili yake; ilipokosa wa kuingojea, ikakosa na wa kuiota.

Kisha likaja jambo la jua. Jung aliwauliza wazee habari za dini yao na taratibu zao za ibada, nao wakakana kuwa na jambo la namna hiyo. Aliuliza tena kwa njia hii na ile, wakakana. Hata shauri lilipokuwa likielekea ukingoni, mzee mmoja akasema ghafula kwamba asubuhi, jua lichomozapo, wao hutoka vibandani, hutema mate mikononi mwao na kuvielekeza viganja kwenye jua. Jung akaomba waonyeshe, wakaonyesha: mikono mbele ya kinywa, pumzi na mate kwa nguvu, kisha viganja juu. Akauliza maana yake ni nini. Hawakuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo walivyofanya siku zote. Akawauliza kama jua ndilo mungu, wakacheka kama mtu anavyocheka akiulizwa swali la kitoto. Na baada ya kukanganyikiwa huku na huku ndipo ilipombainikia kwamba jua likiwa juu mbinguni si kitu cha kuabudiwa, bali saa ile lichomozapo, hiyo ndiyo ya Mungu. Na mwezi mwandamo nao walikuwa wakiupokea vivyo hivyo.

Yeye akaifasiri ibada ile kuwa ni sadaka: mate na pumzi ni uhai wa mtu, na kuviinua viganja ni kumkabidhi Mola roho, dua isiyo na maneno. Yamkini alifasiri sawasawa. Lakini mimi sioni kwamba wazee wale walikuwa wameshindwa kujibu mpaka mgeni awajibie. Mtu akipanda sakafu ya nyumba ya Lamu jioni ya kuandama mwezi, akamkuta kijana ameinua mikono miwili kuelekea magharibi akisoma dua, akamuuliza kwa nini mikono iinuliwe na kwa nini viganja vigeuzwe juu, kijana yule, kama si mwanafunzi wa chuoni mwenye kitabu kichwani, atasema kwamba ndivyo alivyoona wazee wakifanya. Na jibu hilo halina upungufu wowote. Limetaja walioanza na limemtaja anayeendeleza. Halikutaja sababu kwa kuwa ibada si hitimisho la hoja, hata iulizwe hoja yake.

Na jambo ambalo Jung mwenyewe amelieleza bila ya kulitilia mkazo, mimi naliona ndilo kiini. Kila alfajiri, anasema, alikuwa akichukua kigoda chake akaenda kuketi chini ya mgunga, akitazama bonde likianza kupambanuka, mpaka nuru ikapenya vitu vyote vikawa kama vioo. Na juu ya jabali lililokaribia kambi, nyani, ambao mchana kutwa hawatulii, walikuwa wakiketi kimya wamelielekea jua kama wanaongoja. Yaani kabla hajapata fasiri yake juu ya viganja, yeye naye alikuwa amekwisha kuwa na desturi ya alfajiri, hajui kwa nini, na angeulizwa na mzee wa Elgon angelazimika kusema kwamba anafanya tu. Mazungumzo yalimfikisha mlangoni, na aliyemwingiza ndani ni kile kigoda cha alfajiri. Tena haikuwa sura ya asili aliyokuja nayo kutoka Zurich, maana hiyo ilimtosha kwa kumtazama mtu wa jabalini na ikaishia hapo.

Maisha ya Jung tunayoyasoma leo katika kitabu kimoja yalitokana kwa sehemu kubwa na mazungumzo, kwa kuwa kuanzia mwaka 1957 katibu wake, Aniela Jaffé, alikuwa akiketi naye na kuyaandika anayosimulia. Lakini mlango wa Kenya na Uganda aliuandika mwenyewe, kiangazi cha 1959, nyumbani kwake Bollingen kando ya ziwa la Zurich, miaka zaidi ya 33 baada ya safari, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa Elgon wa kumwambia kwamba hapa ulisikia sawa na hapa hukusikia. Nataka msomaji aliweke hilo akilini tunapovuka bahari kwenda Bara Hindi.

Tarehe 3 Shaaban mwaka 707 wa Hijra, ambayo ni Januari 1308, mshairi wa Delhi aitwaye Amir Hasan Sijzi, mtu aliyeishi kwa mshahara wa jeshi na kwa kasida za kuwasifu wakubwa, alikwenda Ghiyaspur, kitongoji kilichokuwa kando ya mto Jumna, kwa Sheikh Nizamuddin Auliya wa njia ya Chishti. Hakuwa kijana, umri wake ulikuwa umepita miaka 50, na alikuwa amekuja kutubu. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1322, kila alipopata ruhusa ya kutoka katika kazi zake, alihudhuria majlisi ya sheikh, akirudi nyumbani akaandika yaliyosemwa. Na zilipofika 188 majlisi hizo zikawa kitabu kiitwacho Fawaid al-Fuad, ambacho katika elimu ya kisufi ya Bara Hindi kimekuwa kielelezo cha vitabu vyote vya maneno ya mashekhe.

Sasa tazama anavyoandika. Huanza na siku, na tarehe, na neema ya kuibusu miguu ya mwalimu. Kisha husema nani aliingia, na kwa sababu ya huyo aliyeingia mazungumzo yakageukia wapi: ameingia mtu mwenye deni, yakawa juu ya riziki, ameingia mwanachuoni mwenye kiburi cha elimu, yakawa juu ya unyenyekevu, bila ya mwanachuoni yule kutajwa usoni. Husema chakula kilipoletwa. Husema sheikh aliponyamaza, na alipolia, na hajaribu kutueleza machozi yale yalikuwa ya nini. Kwa hiyo msomaji hapewi mafundisho ya Nizamuddin juu ya mahaba au juu ya subira kwa jumla jamala. Hupewa neno lililosemwa siku ya Jumatano fulani kwa ajili ya uso fulani, na akitaka kulichukua kwa ajili yake mwenyewe hana budi kwanza kujiuliza kama yeye naye anao uso ule.

Amir Hasan aliandika kwa siri zaidi ya mwaka mzima kabla hajathubutu kumwambia sheikh. Alipomwambia, sheikh hakukasirika. Akamsimulia jinsi yeye naye, alipokuwa muridi wa Farid al-Din huko Ajodhan, alivyokuwa akiyaandika ya mwalimu wake. Akaziomba karatasi, akazisoma, akazisifu, na alipofika mahali ambapo palikuwa peupe akauliza kwa nini. Amir Hasan akasema kwamba hapo hakuyashika maneno yaliyosalia. Basi sheikh akayakamilisha. Katika historia yote ya mazungumzo yaliyoandikwa sijui kitendo cha adabu kilichozidi hiki, na kila nikikifikiri nazidi kuona kwamba mapenzi ya muridi kwa mwalimu, ambayo washairi wa Kiajemi waliyaimba kwa maneno ya moto na ya nondo, hayakuonekana hapo katika maneno ya moto bali katika sehemu zile nyeupe: kwamba mshairi hodari, ambaye angeweza kuziba pengo lolote kwa sentensi nzuri kuliko ile iliyopotea, alikataa kuliziba.

Ushairi ulikuwa na mahali pake katika majlisi ile, nao haukuwa pambo. Sheikh alipenda sama, usikilizaji wa mashairi yaimbwayo, na kwa ajili hiyo aliletewa mashaka na wanasheria hata suala likafikishwa mbele ya sultani Ghiyath al-Din Tughluq. Sheikh mwenyewe alikuwa ameweka masharti manne, moja juu ya muimbaji, kwamba awe mtu mzima, moja juu ya msikilizaji, kwamba awe anamkumbuka Mungu, moja juu ya kinachoimbwa, kwamba kisiwe cha upuuzi, na moja juu ya ala. Sharti la pili ndilo linalonishughulisha. Shairi lile lile, kwa sauti ile ile, ni ibada kwa huyu na ni mchezo kwa yule aliyeketi begani kwake, na mwandishi ajaye kuliandika shairi hataweza kuandika katika shairi lenyewe kwamba lilikuwa lipi kati ya mawili.

Humo humo katika Fawaid imo habari ya Qutb al-Din Bakhtiyar Kaki, mkuu wa silsila katika Delhi, aliyefariki mwaka 1235. Katika majlisi ya sama muimbaji alisoma ubeti mmoja juu ya watu waliochinjwa kwa jambia la kujisalimisha, ambao kila wakati hupata uhai mpya kutoka ghaibu, ukamshika. Walimchukua nyumbani, akataka ubeti urudiwe, ukarudiwa, na kwa muda wa siku nne, mchana na usiku, hakurudi katika hali yake ila ulipoingia wakati wa sala: hapo aliamka, akasali, akaomba tena ubeti usomwe, akatoweka tena, mpaka akafariki. Wapo watakaoona hapo wazimu, na wapo watakaoona karama, nami sitawaamulia. Ninalotaka lionekane ni lile pumziko la sala. Ushairi ulikuwa ukimchukua mtu nje ya saa, na ibada ikimrudisha ndani ya saa mara tano kwa siku, na mojawapo pekee isingetupa kisa. Ubeti bila ya sala ungekuwa ulevi, na sala bila ya ubeti ingekuwa sala tu, kama zetu nyingi. Ubeti wenyewe umehifadhika, na mtu yeyote anaweza kuusoma akanywa kahawa yake baadaye.

Wayunani walikwisha kulijua tatizo hili. Karamu ya Plato, ambayo wengi huihesabu kuwa neno kubwa kuliko yote yaliyosemwa juu ya mahaba katika falsafa ya Magharibi, ina isnadi ndefu kama hadithi: Diotima alimfundisha Socrates, Socrates akawasimulia waliokuwa karamuni, Aristodemus aliyekuwapo akamsimulia Apollodorus, naye Apollodorus, baada ya kuhakikisha baadhi ya mambo kwa Socrates, akawasimulia wengine. Na Plato, ambaye angeweza kutuletea maneno yale moja kwa moja, hakuficha kwamba Aristodemus hakuyakumbuka yote, na kwamba alfajiri, Socrates alipokuwa bado anabishana na watungaji wa michezo, mpokezi wetu alikuwa amesinzia, akakosa mwanzo wa hoja. Mwandishi asiye na mapenzi angelificha usingizi ule. Fauka ya hayo, fundisho lenyewe la Diotima ni kwamba mahaba ni mwana wa ufukara, kila siku hukosa akitafuta. Nalo limetufikia kwa njia inayokosa na kutafuta.

Mfano mashuhuri zaidi wa siku hizi ni ule wa Joseph Campbell, Mmarekani aliyetumia umri wake kuzilinganisha hikaya za mataifa, na ambaye mwaka 1949 alikuwa ametoa kitabu juu ya shujaa mmoja mwenye nyuso elfu. Katika miaka ya 1985 na 1986 mwandishi wa habari Bill Moyers, ambaye ujanani alitawazwa kuwa mhubiri wa Kibaptisti, aliketi naye mbele ya kamera, kwa sehemu kubwa katika shamba la mtengenezaji filamu George Lucas huko California. Wakanasa saa 24, zikapunguzwa zikawa sita, na zilipoonyeshwa kwa umma mwaka 1988 Campbell alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Alikuwa msimuliaji wa kupendeza. Alishikilia kwamba watu hawatafuti maana ya maisha bali hisia ya kuwa hai, na kwamba ibada ni hikaya inayotendwa kwa mwili, na katika hilo la pili wazee wa Elgon wangekubaliana naye bila ya kuhitaji kuambiwa. Juu ya mahaba sikubaliani naye: alipenda kusema kwamba mapenzi ya nafsi kwa nafsi, yasiyoamriwa na ukoo wala kanisa, yalizuliwa na washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa katika karne ya 12, kana kwamba Ibn Hazm wa Kordoba hakuandika risala nzima juu ya mapenzi yapata mwaka 1022, na kana kwamba habari za Laila na Majinuni hazikuwa zikizunguka jangwani kabla ya hapo kwa karne kadhaa. Ila hata hapo kinachonivutia ni Moyers, ambaye mara kwa mara, kwa adabu ya mtu aliyelelewa kanisani, humzuia mzee na kumwuliza juu ya imani aliyolelewa nayo. Kwa sababu ya maswali ya namna hiyo saa zile sita zina uhai ambao vitabu vya Campbell, pamoja na elimu yake yote, havina.

Sisi watu wa pwani tuna urithi wetu katika jambo hili, nao haumo katika falsafa bali katika majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakukusanya diwani. Alikuwa akisema mashairi katika hadhara, kwa watu wa mji wake na kwa mahasimu wa Lamu, katika siku za vita vya Mazrui na Seyyid Said, na jibu la upande wa pili lilipofika naye hujibu. Mengine yalikuwa ya vita, mengine ya mahaba, na mengine ya ugomvi wa nyumbani. Yangalipotea. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, baada ya Muyaka kufariki, ndiye aliyeyatafuta katika vinywa vya watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika na kumpa Mwingereza aitwaye Taylor, na mwaka 1940 yakachapwa na mhariri Hichens.

Katika hayo yaliyookolewa, mengine yamefika pamoja na kisa chake, tunajua nani alimchokoza nani, na kwa sababu ipi. Mengine yamefika peke yake, beti tu. Na yale yaliyofika peke yake, jinsi yanavyotumiwa darasani leo, yamekuwa maneno ya hekima juu ya dunia, mwanafunzi anaandikiwa chini yake kwamba mshairi anatufunza kadha wa kadha. Ilhali yamkini siku ile Muyaka hakuwa akiifunza dunia lolote, bali alikuwa akimjibu mtu mmoja aliyemwudhi, na huyo mtu alikuwa amesimama pale pale.

Vijana wetu sasa huenda kwa wazee na simu mkononi, wakanasa saa mbili tatu za mazungumzo juu ya unyago, au maulidi, au nyimbo za harusi, na kazi hiyo ni njema. Lakini nimesikiliza baadhi ya kanda hizo zilivyotayarishwa kwa ajili ya kusambazwa, na nimeona kwamba kinachokatwa kwanza ni maamkizi, kisha kikohozi, kisha mjukuu aliyeingia na chai akaambiwa aweke pale, kisha dakika ile ndefu ambayo bibi aliulizwa wimbo fulani ulikuwa na maana gani naye akanyamaza, akaanza kuuimba badala ya kujibu, akaushindwa katikati. Amir Hasan, ambaye kwa kazi yake alijua kuliko wengi namna ya kulipunguza neno likapendeza, vitu vya namna hiyo alikuwa akiviandika kwanza, pamoja na siku na tarehe, ndipo aandike alichokisema sheikh.